NYUMBA IMEVUNJIKA, DENI LIKO PALE PALE

Ndugu wanachama wa Ruiru na Thika,

Siku hizi twasikia maneno haya ndani ya gari la moshi, katika karakana na mahali pa chai: "Mimi nimemwachia nyumba, basi deni ni lake." Twasema wazi kwamba maneno haya si kweli, na yamekwisha kula mishahara ya wenzetu.

Tutazame mambo yalivyo. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kwa miaka mingi wazee wetu walikaa katika landi za kazi. Mtu akiacha kazi aliacha na chumba, wala hakudaiwa kitu. Sisi si hivyo. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yamekatwa ploti, barabara kuu ya Thika ilipanuliwa ikamalizika mwaka 2012, na nyumba zimeota kama uyoga. Mshahara mmoja hauwezi kununua nyumba hizo. Kwa hiyo mume na mke huenda benki pamoja, hutia sahihi pamoja, na nyumba yawekwa rehani kwa miaka mingi. Halafu mambo ya wanadamu hutokea, na wawili hao hawakai tena pamoja.

Ndugu yetu mmoja alikuwa na nyumba ya namna hiyo Ruiru. Walipoachana alibeba sanduku lake akapanga chumba Thika, akidhani kutoka mlangoni ni kutoka katika deni. Mke alibaki na watoto, akalipa kadiri alivyoweza. Biashara yake ya nguo ilipolegea, malipo yakasimama. Barua za benki zilikwenda kwenye anwani ya zamani. Ndugu yetu alipokwenda kuomba jina lake litolewe, karani alimwambia amlete mke. Mke alipoletwa, waliambiwa kwamba pato lake halitoshi kubeba mkopo peke yake. Wakazungushwa miezi minane bila kupewa hata barua moja ya jibu. Jina la benki tunaliacha. Twataka kusema juu ya jambo lenyewe.

Jambo la kwanza: benki haikuwako katika ndoa yenu, na haimo katika talaka yenu. Hakimu aweza kuvunja ndoa na kugawa mali, lakini mkataba wa mkopo una watu watatu: wewe, mwenzako na benki. Wawili hawawezi kumtoa mmoja wao bila wa tatu kukubali. Tena katika mikataba hii kila mmoja hudaiwa deni zima, si nusu. Mwenzako akishindwa, benki itakuja kwako kudai yote.

Jambo la pili: sheria yenyewe imepinda. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 7, yasema mali hugawanywa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Lakini kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo chasema deni lililofanywa kwa faida ya ndoa hubebwa sawa kwa sawa. Sikilizeni vizuri, ndugu. Kwenye mali twaambiwa, "Leta ushahidi." Kwenye deni twaambiwa, "Nusu kwa nusu." Mawakili wanawake wa FIDA walipinga kifungu cha 7 katika Mahakama Kuu, wakashindwa mwaka 2018. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema tena kwamba hakuna nusu ya bure, ila kila mtu athibitishe alichotoa. Ni kweli kwamba sheria inahesabu kulea watoto na kazi ya nyumbani kuwa mchango. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuandikiwa risiti ya kupika na kufua?

Kwa hiyo twawaambia wale wanaume wasemao, "Atoke na nguo zake tu": mnajidanganya. Na wale waliomtia mke sahihi kwenye mkopo lakini hawakumtia jina kwenye hati ya ardhi, hao wamemfanya mwenzao punda wa kubeba mzigo wa mtu mwingine. Tendo hilo si la haki, na mfanyi kazi anayedai haki kazini hawezi kuinyima nyumbani kwake.

Je, mtu atatokaje? Njia ziko, ila zote hupitia benki na ofisi ya ardhi. Ya kwanza: mmoja anunue fungu la mwenzake, achukue mkopo mpya kwa jina lake peke yake, mkopo wa zamani ulipwe, rehani ifutwe, na hati iandikwe upya. Ya pili: nyumba iuzwe kwa hiari, benki ilipwe, na kinachobaki kigawanywe. Ya tatu: benki ikubali kumwachilia mmoja kwa maandishi, pengine kwa kumpata mtu mwingine wa kusimama mahali pake. Ikiwa hakuna awezaye kubeba peke yake na soko ni baya, nyumba ipangishwe na kodi iingie moja kwa moja katika hesabu ya mkopo, mpaka mambo yatengenezeke.

Wakati mnangoja, msiache kulipa kwa hasira. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, deni likikaa mwezi mmoja bila kulipwa, benki yaweza kutoa notisi ya miezi isiyopungua mitatu, kisha notisi nyingine ya siku 40, halafu dalali huja. Nyumba ikiuzwa kwa nyundo, wote wawili hupoteza. Tena ipelekeeni benki anwani yenu mpya siku ile ile mnayohama. Wekeni kila risiti, maana bila karatasi mbele ya hakimu maneno yako ni upepo.

Na tazameni hati yenu. Ikiwa mmeandikwa kuwa wenyewe wa pamoja, akifa mmoja fungu lake humwendea aliyebaki, hata kama mliachana miaka mingi iliyopita. Watoto wako na mama yako hawatapata chumba hata kimoja. Mkikubaliana, mwaweza kuigeuza hati kila mmoja awe na fungu lake. Fanyeni hivyo mapema, mkiwa bado mnaamkiana.

Wako wenzetu watakaosema, "Mambo ya chumbani si mambo ya chama." Twawajibu hivi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yaruhusu makato yafike theluthi mbili za mshahara. Maana yake mfanyi kazi aweza kwenda nyumbani na theluthi moja tu. Kwa theluthi hiyo alipe kodi ya chumba Thika, alishe watoto walioko Ruiru, na apande gari kwenda kazini. Chama kikipigania nyongeza ya mshahara, nyongeza hiyo yaingia katika nyumba asiyolala ndani yake. Tukinyamaza tunapigana kwa mkono mmoja na kupoteza kwa mwingine. Mambo ya karatasi ya mshahara ni mambo ya chama.

Basi sisi twataka mambo manne.

1. Mtu akiomba kutolewa katika mkopo, benki imjibu kwa barua, kwa muda uliowekwa, na ikikataa itoe sababu. Asizungushwe kwa maneno ya dirishani.

2. Kabla ya kutia sahihi, wakopaji wote wawili wasomewe kwa Kiswahili nini kitatokea wakiachana, na kila mmoja apewe nakala yake.

3. Chama kiweke wakili siku moja kila mwezi, Ruiru na Thika kwa zamu, aangalie karatasi za wanachama kabla hazijatiwa sahihi. Wakili wa mapema ni rahisi kuliko wakili wa mahakamani.

4. Wabunge wetu wasawazishe kifungu cha 7 na cha 10. Ikiwa deni ni sawa kwa sawa, basi mzani wa mali usiwe na jiwe jingine.

Ndugu, hakuna aibu katika kuachana kwa amani. Aibu ni kumkimbia mwenzako na kumwachia mzigo mliojitwika wawili. Kwetu relini mabehewa mawili hayaachanishwi gari likiwa mwendoni. Husimamishwa kwanza, breki zikafungwa, ndipo mtu akaingia kati na kufungua mnyororo. Fanyeni vivyo hivyo. Simameni, kaeni mezani pamoja na benki, fungueni kwa utaratibu, kisha kila mtu ashike njia yake bila deni la mwenzake kumfuata nyuma.

Anayetaka kuleta shauri lake na alete kwa katibu wa tawi pamoja na karatasi zake zote. Asingoje dalali agonge mlango.

Umoja ni nguvu.