Kabla hujabadilisha gari la umeme kwa sababu ya mwaka, pima betri

Mtoto wa shangazi yangu ni dereva wa teksi ya apu hapa Nairobi. Aliachana na petroli, na sasa anaendesha Nissan Leaf ya 2018. Majuzi alinipigia simu mapema, hata chai sijanywa.

“Buda, uko wapi? Nataka unisindikize yadi. Kuna Leaf ya 2019 imeingia, safi kabisa. Wanachukua yangu, mimi naongeza laki tatu na nusu tu.”

Tu. Ukisikia Mkenya akisema “laki tatu na nusu tu”, jua kuna fomu ya mkopo wa sacco imeshajazwa nusu.

Nikamuuliza, hiyo ya 2019 ina nini ambacho yako haina? Akanyamaza kidogo. “Ni ya 2019,” akasema.

Kama una gari la umeme, ama unadunduliza pesa ununue moja, hilo swali ni lako pia. Kila mwaka kampuni za magari hutoa gari lile lile likiwa limeongezewa kitu kidogo: rangi mpya, skrini iliyopanuka, viti vilivyobadilishwa kitambaa. Halafu sisi tunaojua magari kwa mwaka wa usajili tunaanza kuwashwa. Je, hayo mabadiliko madogo yana maana kwa mwenye gari?

Msimamo wangu ni huu: mengi hayana maana yoyote. Machache yana maana kubwa sana. Na shida ni kwamba yale ya maana ndiyo hayaonekani kwa macho, wala muuzaji hayataji.

Tuchukue hiyo hiyo Leaf, kwa sababu ni mojawapo ya magari ya umeme ambayo Wakenya wa kawaida wameyajua kwanza, yakiletwa mtumba kutoka Japani. Ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24. Usiogope hilo neno. Kilowati-saa moja ni uniti moja ya stima, ile ile unayonunua kwa tokeni. Kwa hivyo betri ya kwanza ilibeba uniti 24.

Mwishoni mwa 2012 Nissan iliibadilisha kidogo. Chaja ya ndani ilitolewa nyuma ikapelekwa mbele chini ya boneti, na buti ikapata nafasi zaidi. Vizuri. Lakini aliyekuwa na ile ya zamani hakupoteza kitu. Mizigo yake ilikuwa inatoshea jana, na leo bado inatoshea.

Sasa sikiza hii nyingine. Mwaka 2012 wamiliki wa Leaf kule Phoenix, Arizona, mji wenye joto la kukaanga, walianza kulalamika. Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya betri, na vijiti vyao vilikuwa vinapotea mapema mno. Betri ya Leaf ile haikuwa na mfumo wa maji wa kuipoza, wala feni. Joto likiingia, linakaa. Nissan ilikuja na dhamana ya uwezo wa betri, kisha kwenye toleo la 2015 ikaweka betri yenye kemikali inayovumilia joto zaidi. Wapenzi wa magari haya waliipa jina la betri ya mjusi.

Ukisimamisha Leaf ya kabla ya hapo kando ya ile ya betri ya mjusi, huwezi kuzitofautisha kwa sura. Bado ni uniti 24. Hakuna taa mpya ya kumwonyesha jirani. Lakini kwa mtu wa Mombasa au Garissa anayenunua mtumba, hilo badiliko dogo ndilo lililokuwa la maana kuliko skrini zote duniani.

Unaona ninapoelekea? Hatufai kuuliza “ni ya mwaka gani?” tukaishia hapo. Tunafaa kuuliza, “mwaka huo walibadilisha nini, na je, kinanigusa mimi?”

Kwa sababu mengine hayakugusi kabisa. Tesla ilipoweka mfumo mpya wa kupasha joto kwenye Model 3 za mwisho wa 2020, ule unaotumia stima kidogo wakati wa baridi, mtu wa Norway alikuwa na haki ya kufurahi. Theluji inakula betri. Lakini wewe wa Umoja? Baridi yako kali ni ya Julai, na dawa yake ni sweta. Vivyo hivyo na usukani wenye joto. Ukiwa Limuru saa kumi na moja alfajiri ni starehe, sikatai, lakini usichukue mkopo kwa ajili yake. Mambo mengi ya aina hii yaliwekwa kwa ajili ya mnunuzi wa kwanza na hali ya hewa ya kwake. Sisi tunakuja miaka saba baadaye, na jua letu.

Mengine yanakufikia bila kubadilisha gari. Mwaka 2018 shirika la Consumer Reports la Marekani liligundua kuwa Model 3 ilichukua umbali mrefu kusimama ukifunga breki ghafla. Ndani ya siku chache Tesla ilituma programu mpya kupitia intaneti, na umbali huo ukapungua kwa takriban mita 6. Mwenye gari alikuwa amelala tu. Mwaka huo huo, wenye Leaf za uniti 30 walikuwa wanaona betri zao kama zinakufa haraka, kumbe kompyuta ya betri ilikuwa inasoma vibaya. Nissan ikatoa programu ya kurekebisha. Fikiria mtu aliyeuza gari lake kwa hasira wiki moja kabla ya hapo.

Sitaki nidanganye pia. Kuna mabadiliko ambayo ni hatua kubwa. Leaf ilipotoka uniti 24 hadi 30 mwishoni mwa 2015, kisha 40 mwaka 2017, kisha 62 kwenye Leaf e+ ya Januari 2019, hapo ni gari tofauti kwa matumizi. Na toleo la kizazi cha tatu lililozinduliwa 2025 hatimaye limepata betri inayopozwa kwa maji, miaka 15 baada ya lile la kwanza. Kama safari zako za kila siku zinakumaliza chaji kabla ya saa nane mchana, uniti 62 zitakubadilishia maisha. Hilo ni hitaji halisi.

Tundu la chaji pia ni la kuangalia. Leaf nyingi tulizo nazo kutoka Japani zinatumia CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Magari mapya ya Ulaya yanatumia CCS2, na mengi ya Uchina yanatumia GB/T. Kabla ya kusifia mwaka, pita kwenye kituo unachokusudia kutumia uone waya wao unaingia kwenye gari gani. Hilo linaweza kukugharimu kuliko mwaka.

Haya, turudi yadi.

Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hesabu nilizobaki nazo ni za kujumlisha na kutoa, na kuzidisha kidogo. Bahati nzuri hapa hizo zinatosha. Nilibeba simu yenye apu ya LeafSpy na kile kidude cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani. Apu hiyo inasoma kompyuta ya gari na kukuambia betri imebaki na asilimia ngapi ya uwezo wake wa mwanzo. Inakuonyesha hata idadi ya mara gari limechajiwa kwa chaji ya haraka.

Tulianza na gari la binamu. Asilimia 86.

Tukahamia ile ya 2019. Inang'aa kama imetoka kiwandani jana, na ndani inanukia ile manukato ya yadi. Uniti 40, sawa na yake. Mota ile ile. Tundu lile lile. Asilimia 79. Na ilikuwa imepigwa chaji ya haraka mara nyingi kuliko ya binamu.

Muuzaji akacheka. “Boss, hiyo ni app tu. Gari ni 2019.”

Tukasimama kando tufanye hesabu. Betri ya uniti 40 iliyobaki na asilimia 86 inakupa uniti 34.4. Iliyobaki na 79 inakupa 31.6. Tofauti ni uniti 2.8. Mjini, uniti moja inaisukuma Leaf kilomita 6 hivi. Kwa hivyo gari “jipya” lingemnyima kilomita karibu 17 kwa kila chaji, yaani safari moja ya kutoka katikati ya jiji hadi JKIA. Kila siku ya kazi. Na angelipia laki tatu na nusu, pamoja na riba, ili apate hasara hiyo.

Binamu hakusema neno. Alitazama lile gari, akatazama lake, akatazama simu. Nadhani kilichomuuma si hesabu. Ni kwamba alikuwa ameshawaambia watu wa kwao anabadilisha gari.

Tuwe wakweli hapo, kwa sababu ndipo penye ugonjwa. Mwaka mpya ni heshima. Ukifika stage na gari la mwaka wa juu, wasee wanakusalimia tofauti. Mimi mwenyewe nimewahi kubadilisha simu kwa sababu ya kamera moja iliyoongezwa, na mpaka leo sijapiga picha yoyote ya maana. Lakini simu haikulipii karo ya mtoto. Gari la kazi linalipa.

Najua kuna wanaosema: hata kama betri ni mbaya, soko linaangalia mwaka, kwa hivyo ukiwa na mwaka wa juu utauza vizuri. Ni hoja ya kweli, siipuuzi. Hata sheria yetu inahesabu kwa kalenda: gari mtumba haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa gari la petroli kalenda inasaidia kiasi. Kwa gari la umeme inadanganya, kwa sababu magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na betri mbili tofauti kabisa kulingana na yalivyochajiwa, yalivyohifadhiwa na joto yaliloonja. Soko linaloangalia mwaka peke yake litaanza kubadilika siku wanunuzi watakapokataa kulipia mwaka peke yake.

Ndiyo maana nasema yadi zote zinazouza magari ya umeme zinafaa kubandika asilimia ya betri kwenye kioo, kando ya bei na mwaka. Na wanaokagua magari kabla hayajapakiwa melini kuja Mombasa wanafaa kuandika afya ya betri kwenye cheti, kama wanavyokagua breki. Si ndoto hiyo. Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme zinazoingizwa sokoni kwao ziwe na pasipoti ya kidijitali yenye taarifa zake. Sisi tunaopokea magari yao na ya Japani baada ya miaka mingi ndio tunaohitaji hiyo karatasi zaidi.

Mpaka hapo serikali itakapoamka, jilinde mwenyewe. Usiende yadi bila kipimo, ama bila mtu mwenye kipimo. Usiamini vijiti 12 kwenye dashibodi peke yake, maana kuna wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vijiti virudi vyote, halafu ukiendesha kwa muda vinaanza kuanguka tena. Omba uliendeshe, si kuzunguka yadi tu, uone asilimia inavyoshuka kwa kilomita ulizotembea. Na ukiambiwa “hii ni mpya zaidi”, uliza: mpya wapi? Wakikuonyesha skrini, shukuru, uondoke.

Kama gari ulilo nalo linakutosha kwa siku nzima, betri yake iko sawa, na linachajika mahali unapochajia, basi toleo la mwaka huu halikuhusu. Acha wengine walinunue jipya huko Ulaya na Japani. Litatufikia, na wakati huo tutalipima.

Binamu hakuchukua mkopo. Wiki iliyofuata aliniambia ameiwekea Leaf yake tairi nne mpya, na bado amebaki na akiba sacco. Muuzaji, nasikia, bado anampigia simu. Sasa ati kuna ya 2020 inakuja. Binamu amemjibu kwa swali moja tu: “Betri asilimia ngapi?”

Hajajibiwa.