Kujitolea Hakufuti Haki

Anayeshikilia kuwa wahudumu wa afya ya jamii ni watu wa kujitolea, hivyo posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inawatosha, amekosea. Tangu Septemba 2023 serikali ya Kenya imewakabidhi mkoba wenye mashine za kupima presha na sukari, na simu ya kuandikisha kila kaya. Hiyo ni ajira, iitwe jina lolote. Mahali kama Kotile, kaunti ya Garissa, mzee aliyepooza hutunzwa nyumbani, na anayemfikia kwa miguu, hata Mto Tana ukifurika, ni mhudumu huyu. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007 iliitikisa Garissa. Kwa kuwa homa hiyo hutoka kwa mifugo, anayeingia maboma yenye mifugo wagonjwa anahitaji glavu na bima. Eti kaunti haina fedha? Ugonjwa uliochelewa kugunduliwa hugharimu zaidi hospitalini. Walipwe mshahara.