Kuondoka kwa huzuni ni nusu ya tiba



Ndugu msomaji, mfikirie mama wa Kihesa, Iringa, katika baridi ya mwezi wa Saba. Adhana ya Alfajiri inamkuta macho, kwani usiku kucha hakulala. Anaswali, kisha anarudi kitandani. Watoto wanakwenda shule bila chai. Meza yake ya sokoni haijafunguliwa wiki ya tatu sasa. Wifi yake anasema ni uvivu, jirani anasema ni jini, na shoga yake anamwambia imani imepungua. Hakuna aliyemuuliza: "Dada, tangu lini moyo wako u hivi?"

Hali hii, ikidumu wiki mbili au zaidi na kumzuia mtu asifanye shughuli zake, wataalamu huiita sonona. Si dalili ya udhaifu wa imani. Nabii Yaaqub (A.S.) alimhuzunikia Yusuf hata macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii wa Allah. Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na Bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, nao ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi. Humo alipambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu bayana, akaeleza kuwa nafsi nayo hutibiwa kwa maneno na fikra.

Tiba ya maneno imejaribiwa hata karibu nasi. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, baadhi ya wenye sonona waliwekwa katika vikundi vidogo, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Walikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili. Kila mmoja alieleza lililomsibu, msiba au ugomvi wa nyumbani, na wenzake wakamsaidia kutafuta njia. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji visivyopata tiba hiyo walikuwa asilimia 54.7. Tena waliopona walirudi shambani, jikoni na katika mambo ya jamii.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Huzuni kuondoka ni nusu ya tiba. Nusu ya pili ni ustawi kurejea. Daktari Giovanni Fava wa Bologna, Italia, huwataka wagonjwa wake waandike daftarini nyakati walizojisikia vizuri, hata zikiwa fupi, kisha waandike wazo lililozikatiza. Mama yetu angeandika: "Nilipoota jua mlangoni na mwanangu, nilitulia. Kisha nikawaza kuwa mimi ni mama mbaya." Wazo hilo ndilo la kuhojiwa: je, mama mbaya ndiye anayekaa juani na mwanawe? Wakati ule wa utulivu nao hupangiwa nafasi kesho, na kesho kutwa. Sisi tunaofundishwa kuhesabu nafsi zetu na kushukuru neema hatupaswi kuliona jambo hili kuwa geni.

Waislamu wa Mbeya na Iringa tuna darsa za akina mama na vikao vya baada ya swala. Hayo ni mabaraza tayari. Linalokosekana ni amana. Mtu hatafungua moyo wake msikitini asubuhi ikiwa habari zake zitafika Mwanjelwa kabla ya Adhuhuri. Kusikiliza bila kusengenya ni sadaka kubwa.

Maradhi yakizidi, ulizia huduma ya afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya Mkoa wa Iringa. Aliyeandikiwa dawa asiache bila kumwona daktari. Na anayetamka kuwa afadhali afe, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwomba Allah amkinge na hamu na huzuni. Basi tuombe kama alivyoomba, na tutafute tiba kama alivyotuamrisha.

Wabillahi tawfiq.