Umeme wa Elfu 20 Unakaa Siku Ngapi?

Kaskazi likishaanza kuvuma, kuanzia Desemba hadi Machi, wenye nyumba wa Dar es Salaam huwa na swali moja: umeme wa elfu 20 kwako unakaa siku ngapi? Huyu anasema wiki, yule siku tatu, na hukumu hutolewa papo hapo. Mita ya fulani ina kasoro, watoto wa fulani hawazimi taa, kiyoyozi cha fulani ni cha mtumba. Kuuliza si kosa, maana pesa inayoteketea ni nyingi. Ila kipimo kinachotumika ni kibovu, na kwa sababu hiyo lawama huishia mlangoni kwa asiyehusika. Kiyoyozi kinasingiziwa mengi. Sehemu kubwa ya kile mwenye nyumba anacholipa Januari iliamuliwa siku alipochagua rangi ya bati, aina ya dari na upande wa kuweka vyumba vya kulala.

Tuanze na shilingi zenyewe. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja wa kundi la T1, ambako nyumba nyingi zenye kiyoyozi zinaangukia, hutozwa shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na asilimia 1 ya EWURA yenyewe, inafika kama 356. Mteja mdogo wa D1, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, hutozwa 100, yaani 122 baada ya makato hayo. Kwa hiyo majirani wawili wakinunua umeme wa pesa ileile, mmoja anaweza kupata karibu mara tatu ya uniti za mwenzake, halafu wakabishana nani mbadhirifu. Isitoshe, tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na nyumba ya kawaida sasa hukatwa 1,500 kwa mwezi. Anayenunua kwa mara ya kwanza tarehe mosi atapata uniti pungufu kuliko aliyenunua kwa mara ya pili tarehe 20, hata kama wote wako T1. Na kuna gharama moja ya kiyoyozi ambayo haimo kwenye risiti ya duka lolote. Nyumba iliyokuwa inatumia uniti 70 kwa mwezi ikiwa D1 ililipa kama 8,540. Ikihamishiwa T1 kwa sababu ya kiyoyozi, uniti 70 hizohizo za friji, taa na televisheni zitailazimu kulipa karibu 25,000, kabla kiyoyozi chenyewe hakijala hata moja.

Anayetaka kulinganisha kwa haki aachane na shilingi, ahesabu uniti, na asiishie kwenye uniti za Januari peke yake. Arudi kwenye ujumbe wa LUKU uliobaki kwenye simu, ajumlishe uniti za Julai, kipupwe kilipokuwa kimetulia na kiyoyozi kimezimwa, kisha azitoe kwenye zile za Januari. Kinachobaki, kwa makadirio, ndiyo gharama ya joto. Tuchukue mfano wa nyumba mbili zilizotumia uniti 330 Januari, kama shilingi 117,000 kila moja. Kwa swali la elfu 20, zinalingana. Lakini ya kwanza ilitumia 150 Julai na ya pili 240, kwa kuwa ina pampu ya maji, friza na watu wengi. Ya kwanza imetumia uniti 180 kupoza chumba kimoja, ya pili 90 kupoza viwili. Nyumba inayoitwa ya wabadhirifu ndiyo iliyojengwa vizuri. Ukiuliza kwa namna hii huwezi tena kuendelea kuzungumzia taa za watoto, inabidi uzungumzie nyumba.

Mtambo ni uleule kwa majirani wote. Pangaboi la wati 60 likizunguka saa 10 kila usiku hula uniti 18 kwa mwezi, kama shilingi 6,400. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 9,000 hula karibu kilowati 0.9 pale kompresa inapofanya kazi, na neno la kuzingatia hapo ni "pale". Chumba kikishapoa, kompresa hupumzika na feni ya ndani ikabaki inapuliza. Katika chumba kinachotunza ubaridi, kompresa ikifanya kazi theluthi mbili ya saa 8 za kulala, mwezi mzima ni uniti 144. Katika chumba ambacho joto linaingia kila upande, kompresa haipumziki kamwe, na mwezi ni uniti 216. Tofauti ni shilingi zaidi ya 25,000 kila mwezi, kwa chapa ileile, saa zilezile na rimoti iliyowekwa nyuzi zilezile. Fundi wa AC ataitwa, ataongeza gesi, atalipwa, na tofauti itabaki palepale.

Kuna kipimo kingine kinachoning'inia nje ya ukuta, nacho ni ndoo ya kukingia maji ya AC. Maji yale ni unyevu wa hewa uliopozwa ukawa matone, na kuugeuza unyevu kuwa maji ni kazi inayolipiwa. Kwa kiyoyozi cha ufanisi wa kawaida, kila lita inataka karibu robo ya uniti, hivyo ndoo ya lita 10 ina umeme wa kama shilingi 900 ndani yake. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo hakuna atakayekosa maji kabisa. Lakini ndoo ya jirani ikijaa mara mbili wakati yako haijafika nusu, na vyumba vinalingana, basi kwake kuna mlango usiogusa sakafu au dirisha la kusukuma lisilofunga vizuri, na usiku kucha anakausha hewa ya Bahari ya Hindi.

Sasa twende juu, kwenye paa, maana ndiko shauri lenyewe liliko. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, wiki ya pili ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi, na katikati ya tarehe hizo haliendi mbali. Kuta zinachomwa kwa zamu, paa linachomwa mchana kutwa. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina eneo la kama mita 11 za mraba. Saa 6 mchana, mbingu ikiwa safi, kila mita inapokea karibu wati 1,000, jumla kilowati 11 juu ya kitanda kimoja. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kina uwezo wa kutoa nje kilowati 2.6 tu za joto. Mshindi anategemea ni kiasi gani cha zile 11 kinarudishwa angani na kiasi gani kinapenya. Bati jeupe hurudisha sehemu kubwa. Bati la kijivu kilichokoza, la maruni au la rangi ya chokoleti, yaani yale yaliyotapakaa Goba, Kibamba na Kigamboni, hunyonya karibu lote na kupanda zaidi ya nyuzi 60. Chini yake kuna nafasi ya kenchi isiyo na tundu la kupumulia, halafu jipsamu nyembamba. Bati lenyewe hupoa haraka jua likizama. Lakini jipsamu, kuta, godoro na kabati vimeshajazwa joto tangu asubuhi, na mwenye nyumba anapowasha AC saa 3 usiku anaanza kwa kupoza fanicha.

Mtindo wa siku hizi umezidisha tatizo. Paa la kuficha, lile linalozungushiwa ukuta kwa juu ili nyumba ionekane kama sanduku, limeondoa upenu. Upenu ulikuwa na kazi: jua la Desemba na Januari linapita juu upande wa kusini, na upenu wa futi mbili au tatu unatosha kulizuia lisiguse dirisha. Ukiuondoa, unanunua pazia zito, na pazia linazuia mwanga wakati joto limeshapita kioo. Dirisha la kusukuma nalo hufunguka nusu tu, kwa hiyo umelipia dirisha la futi 5 ukapata upepo wa futi mbili na nusu. Kisha upande wa magharibi. Ukuta wa tofali za inchi 6 ukipigwa jua kuanzia saa 8 mchana huchukua saa kadhaa kulipitisha joto ndani. Weka kiganja kwenye ukuta wa namna hiyo saa 2 usiku, kichwani pa kitanda, utadhani kuna mtu anapika upande wa pili.

Wapo watakaosema tatizo ni bei, mengine ni mapambo. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115 na limeanza kuzalisha tangu Februari 2024, kwa nini mwananchi aendelee kuhesabu uniti? Bei ni hoja halali, na ikishuka kila mtu ashangilie. Lakini majirani wawili walioko T1 wananunua uniti kwa bei moja, kwa hiyo bei haiwezi kueleza kwa nini mmoja analipa mara mbili ya mwenzake kwa usingizi uleule. Na hata ikipungua, nyumba inayovujisha joto itabaki nyuma ya ile isiyovujisha, kwa uwiano uleule.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: nunua inverter, yaishe. Kiyoyozi cha inverter kweli hula kidogo, kwa kuwa kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Anayebadilisha mtambo na auchague huo. Ila kiyoyozi cha pwani, kwa chumvi ya hewa yetu, hakizeeki pamoja na paa. Utabadilisha viwili au vitatu kabla bati halijabadilishwa. Pia inverter iliyowekwa chini ya bati jeusi haipati nafasi ya kupunguza mwendo, ambayo ndiyo uliyoilipia. Rimoti, hapa, ina faida ya bure. Kuweka nyuzi 16 hakuharakishi ubaridi kwenye mtambo wa kawaida, kunaizuia kompresa kusimama tu. India iliagiza tangu Januari 2020 viyoyozi vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa 24, na pangaboi likizunguka taratibu, 26 inalalika vizuri.

Kuhusu sola, wengi husahau saa. Paneli huzalisha mchana, chumba cha kulala hupozwa usiku, na betri ya kuunganisha nyakati hizo mbili ndiyo yenye bei. Sola inamfaa zaidi mwenye duka au ofisi nyumbani.

Anayesema nyumba yake imeshajengwa ana haki ya kujibiwa kwa upole, kwani hatabomoa. Anaweza kupaka bati rangi nyeupe, na majirani wataona ajabu kwa msimu mmoja. Anaweza kutandika foili chini ya bati au juu ya dari, upande unaong'aa ukitazamana na nafasi ya hewa, na kutoboa matundu yenye wavu pande mbili za paa ili hewa moto itoke. Mwarobaini upande wa magharibi utafanya kazi ndani ya miaka michache, na kwa sasa kivuli cha turubai si aibu. Ufa wa chini ya mlango unazibwa kwa mpira wa bei ya soda chache. Nadhani foili ndiyo inayolipa haraka kuliko yote, nayo ndiyo fundi huifuta kwanza kwenye makadirio mwenye nyumba anaposema pesa imepungua.

Sitaki pia kuuza hadithi kwamba wazee wa pwani walimaliza kila kitu. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe hufaa mchana, zikisaidiwa na vichochoro vyembamba vyenye kivuli. Usiku usio na upepo, kuta hizo hurudisha joto ndani polepole. Na paa la makuti hushika moto upesi. Kulala madirisha wazi ni ushauri mzuri hadi utakapowakumbuka mbu, wezi na spika ya baa ya jirani. Kiyoyozi kina nafasi yake. Ninachopinga ni kukifanya kilipe makosa ya ramani. Viwanja vya mjini hupimwa kwa kufuata barabara, hatuchagui tuelekee wapi, lakini ndani ya kiwanja tunachagua jiko, choo na stoo vikae magharibi, na kitanda kikae penye upepo. Manispaa inapopokea ramani ya kibali cha ujenzi huangalia umbali wa nyumba na mpaka. Ingeweza pia kuuliza maswali mawili: paa ni la rangi gani, na hewa ya juu ya dari inatokea wapi. Hayahitaji mhandisi wala maabara. Na yangemsaidia hata asiye na kiyoyozi, ambaye katika mashindano haya ya LUKU huonekana bingwa wa kubana matumizi, kumbe analala kwenye jasho.

Ugumu uko kwenye kalenda. Masika yakishapita, fundi wa kuezeka anapata kazi nyingi kuliko wakati wowote: Juni na Julai, kusi linavuma, barabara za mitaani zimekauka na malori ya bati yanapita. Ndipo mwenye nyumba anaposimama dukani akiwa na sweta, mbele ya vipande vya sampuli, kijivu, maruni na cheupe, na muuzaji anamwambia cheupe kinachafuka upesi.