Mdaiwa Talaka Asikimbie Mahakama

Kuna mazoea mabaya yaliyokita mizizi miongoni mwetu. Mtu aletewapo wito wa mahakama kwamba mwenzake anadai talaka na sehemu ya mali, huikunja karatasi na kuitia uvunguni. Mwingine hukimbilia kuliuza shamba kabla kesi haijasikizwa. Wote wawili wajiponza.

Anayenyamaza humwachia mdai uwanja, kwani kesi yaweza kuamuliwa bila yeye. Anayeuza naye huvunja Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, ambayo, katika ndoa ya mke mmoja, yakataza mali hiyo kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi maadamu ndoa ingalipo.

Ngao ya mdaiwa ni ushahidi. Januari 2023, Mahakama ya Juu Zaidi ilifafanua kwamba usawa unaotajwa na Katiba haumaanishi mali igawanywe nusu kwa nusu pasipo kuuliza. Kila mmoja hana budi kuthibitisha mchango wake. Basi asiyekubali dai na alete stakabadhi za ununuzi, hati za mkopo na mashahidi.

Hata hivyo, asidhani fedha ndizo mchango pekee. Sheria hiyo yahesabu pia malezi ya watoto, kazi za nyumbani na kilimo. Katika kesi hiyo ya 2023, mke alipata nusu kwa sababu mchango wake ulithibitika.

Walimu, wafunzeni vijana haya mapema. Mahakamani hasira haina uzito; hoja yenye ushahidi ndiyo isikizwayo.