Haki ya Kupunguziwa Dawa

Tunapotaja haki, mawazo yetu hukimbilia ardhi, mahakama na kura. Ni vema iwe hivyo. Lakini iko haki isemwayo mara chache, nayo ni ya mgonjwa kutopewa sumu kuliko anayohitaji. Nasema sumu kwa makusudi, kwa maana dawa za saratani huua chembe mbovu na kuziumiza zilizo njema.

Tuangalie limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi ambayo huwapata vijana wengi, na ambayo wengi wao hupona wakitibiwa ipasavyo. Kwa miaka mingi mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeenea alipewa dawa nne kwa pamoja, mizunguko sita, yaani miezi sita hivi. Mojawapo, bleomisini, yaweza kuharibu mapafu, hata kuua. Mtu alipona saratani, akabaki akihema kwa kupanda ngazi.

Ndipo kilipokuja kipimo cha PET. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Chembe za saratani huifyonza kwa pupa, nazo hung'aa katika picha. Kikifanywa baada ya mizunguko miwili tu, huonyesha mapema kama dawa inafanya kazi. Je, picha ikiwa safi, bleomisini yaweza kuachwa?

Utafiti uitwao RATHL, ulioongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016, ulijibu swali hilo. Katika wagonjwa zaidi ya 1,100 waliopigwa picha hiyo, karibu 84 katika kila 100 walikuwa safi. Hao waligawanywa kwa kura: wengine wakaendelea na dawa nne, wengine wakaachishwa bleomisini. Baada ya miaka mitatu, walioishi bila ugonjwa kuendelea wala kurudi walikuwa asilimia 85.7 kwa dawa nne na 84.4 kwa dawa tatu, na madhara ya mapafu yalipungua kwa hao wa dawa tatu. Ambao picha zao hazikuwa safi waliongezewa dawa kali zaidi. Tofauti ndogo ipo, sitaificha. Hata hivyo naiona kuwa bei ya halali kwa mapafu ya mtu, mradi mwenyewe ameelezwa akakubali.

Sasa tazameni mizani ilivyoinama. Sukari ile hupoteza nusu ya mionzi yake kila baada ya dakika 110 hivi, kwa hiyo haiwekwi ghalani. Lazima itengenezwe karibu na hospitali. Mashine za namna hiyo zipo Nairobi, lakini kwa mgonjwa wa kijijini nauli peke yake ni mlima, sembuse gharama ya picha. Basi tajiri huondolewa dawa ya hatari kwa kuwa ameonekana ndani, na maskini huendelea nayo kwa kuwa hakuna aliyemwona. Wasemao kwamba PET ni anasa hawajalifikiria jambo hili. Nao wanaoacha dawa katikati kwa kuwa fedha zimekwisha wasidhani wamefanya kama wale wa Uingereza. Kupunguza bila picha ni kubahatisha.

Lakini tusiifanye mashine kuwa mganga. Kifua kikuu nacho hung'aa, na maambukizo mengine pia. Katika nchi zetu doa moja linalong'aa lisiwe sababu ya kumzidishia mtu dawa kali kabla halijachunguzwa. Tena wako wagonjwa wenye uvimbe shingoni ambao hutibiwa kifua kikuu miezi mingi pasipo kukatwa kipande cha tezi kikatazamwe kwa darubini. Kama parokia ingenikabidhi mfuko wa wagonjwa, ningelipia kwanza kipande hicho, ndipo nifikirie PET.

Viongozi wa walei mnaowatembelea wagonjwa, ulizeni kwa upole: kipande cha tezi kilichukuliwa, na majibu yameandikwa? Baada ya mizunguko miwili kitafanywa kipimo gani? Pasipo PET, daktari aweza kutumia picha ya CT, ingawa haitofautishi vema uvimbe ulio hai na kovu. Na mgonjwa anayeendelea na bleomisini akianza kikohozi kikavu au kuishiwa pumzi, asingoje siku ya kliniki. Amwambie daktari kabla ya sindano inayofuata.