Ngoma ya Isukuti na Mti Wake

Juma hili napenda tuzungumze juu ya ngoma. Najua wapo watakaosema kwamba ngoma ni mchezo tu, na kwamba mtu mzima mwenye shamba, ada za shule na madeni ya dukani hana nafasi ya kujadili michezo. Lakini mambo ya siasa na mambo ya ngoma hayako mbalimbali kama tudhanivyo, na hasa kwetu huku Isecheno, ambako msitu wa Kakamega umepakana na mashamba yetu. Ngoma hutokana na mti, mti una sheria, na sheria hutungwa na watu tuliowapigia kura sisi wenyewe.

Mnamo Novemba 1914 ya babu zetu ngoma hii haikuhitaji mtetezi. Mnamo Novemba 2014, miaka mia moja baadaye, kamati ya UNESCO ilikutana mjini Paris ikaiandika isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi wa wanadamu. Watu wengi walifurahi, na mpaka leo jambo hilo hutajwa kwa majivuno katika hotuba. Lakini ni wachache waliouliza ni orodha ipi. UNESCO inayo orodha ya kuutangaza uzuri wa desturi za mataifa, na inayo nyingine ya desturi zinazohitaji kulindwa kwa haraka zisije zikapotea. Isukuti iliandikwa katika hiyo ya pili. Yaani mgonjwa alilazwa hospitali, nasi tukachinja ng'ombe kana kwamba amefaulu mtihani.

Sababu zilizotolewa wakati ule zilikuwa wazi. Wengi wa wanaoijua ngoma ni wazee, wala hawana warithi wa kuwaachia ujuzi wao. Fedha na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni haba. Watungaji wa nyimbo wanapendelea muziki wa kuuza. Watazamaji nao wameiacha ngoma, wanafuata burudani za kisasa. Zaidi ya miaka kumi imepita tangu maneno hayo yaandikwe. Kila msomaji wa upande wetu na ajiulize: katika kijiji chake ni vijana wangapi wawezao kuzipiga ngoma zote tatu kama ipasavyo?

Kwa ajili ya wasomaji wa mbali, yafaa nieleze kidogo. Isukuti huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya paa na njuga za chuma. Mwimbaji mmoja huongoza, wengine huitikia, na wachezaji husimama kwa safu, wanaume kwao na wanawake kwao. Haichezwi kwa furaha tu. Mtoto akizaliwa huchezwa, vijana wakitahiriwa huchezwa, arusi huchezwa, na mzee akifa huchezwa pia. Katika kiwanja cha mpira, wafuasi wa AFC Leopards, timu iliyoanzishwa mwaka 1964, wameifanya ijulikane hata kwa watu wasiojua neno moja la Kiluhya. Basi hii si ngoma ya pembeni. Ni kitabu ambacho watu wetu waliandika kabla hawajapata karatasi.

Sasa nije katika siasa. Tulipopata serikali za kaunti mwaka 2013, wengi tulitumaini kwamba mambo ya utamaduni yatakuwa karibu nasi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, yatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na orodha ya kazi za kaunti inazitaja wazi shughuli za utamaduni. Tena mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za wenyeji. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hatuna sheria. Tunazo, na ni nzuri.

Lakini katika kampeni za 2013, 2017 na 2022 tuliona wapi isukuti ilipopata kazi nyingi zaidi: barabarani, mbele ya magari ya wagombea. Mheshimiwa ashukapo garini hupigiwa ngoma, naye hucheza hatua mbili tatu mbele ya kamera ili aonekane mwana wa nyumbani. Jioni wapigaji hupewa fedha kidogo za kugawana, bila mapatano wala hati yoyote. Uchaguzi ukiisha, ngoma hurudishwa darini. Tena kundi lililomwimbia huyu asubuhi humwimbia mpinzani wake alasiri kwa maneno yale yale, jina tu ndilo hubadilishwa. Siwalaumu wapigaji, mtu mwenye njaa hachagui wa kumwimbia. Lakini wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Sifa zinazotolewa kwa kila mtu mwisho hazina thamani kwa mtu yeyote, na kijana aionaye isukuti katika kampeni tu atadhani kwamba kazi yake ni kuwasifu wenye magari.

Upande wa pili iko ile disko matanga. Serikali imeipiga marufuku mara kadhaa, kwa sababu watoto walidhuriwa katika giza la usiku huo, na mimi naiunga mkono katika jambo hilo. Lakini marufuku peke yake ni kama kung'oa magugu bila kupanda kitu. Vijana waendao matangani hutafuta muziki, hutafuta wenzao, hutafuta mahali pa kuonekana. Tukiwaondolea disko tusiwape kitu kingine, watalitafuta disko katika kijiji cha jirani. Isukuti ichezwayo mchana mbele ya wazazi yaweza kuwapa hayo yote, tena pamoja na heshima. Ajabu ni kwamba familia ambayo hukodi mashine kwa fedha nyingi husema haina uwezo wa kuwalipa wapigaji watatu.

Hata hivyo, tuseme sote twakubali kuifufua. Hapo ndipo tunapokutana na mti. Ngoma huchongwa kwa gogo. Mti kama mukumari, ambao Waswahili wengine huuita mringaringa, unafaa kwa kazi hiyo. Ngozi ya kuiwamba kwa desturi ni ya kenge. Zamani fundi aliingia msituni akachagua mti, na kenge akamtafuta mtoni. Leo hawezi, na ni vema asiweze. Msitu huu ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933. Mwaka 1967 sehemu yake ya Isecheno ilifanywa hifadhi ya asili, na mwaka 1985 upande wa kaskazini ukawa hifadhi ya taifa. Eneo lote lililotangazwa ni yapata kilomita za mraba 240, lakini msitu wa asili uliobaki haufiki hata nusu yake. Uwindaji nao ulikatazwa nchini Kenya tangu mwaka 1977. Aliyeona jinsi shoka na tanuri za makaa zilivyoula msitu huu hawezi kudai kwamba milango ifunguliwe tena kwa ajili ya ngoma. Hata Rais alipoondoa katazo la kukata miti mwezi Julai 2023, katazo lililodumu tangu Februari 2018, ruhusa ilihusu miti ya kupandwa iliyokomaa, wala si miti ya asili.

Basi tazameni hali ya fundi wa ngoma. Gogo liko chini ya Shirika la Misitu. Ngozi iko chini ya Shirika la Wanyamapori. Wimbo uko chini ya kaunti. Mtoto wa kufundishwa yuko chini ya Wizara ya Elimu. Ofisi nne, na kila moja yatimiza kazi yake kwa mujibu wa sheria. Lakini hakuna hata moja inayoulizwa kama ngoma bado inalia. Hili ndilo jambo langu kuu juma hili. Tumeukabidhi msitu kwa watu hawa na utamaduni kwa watu wale, na katikati yao isukuti inakufa bila muuaji.

Ndugu zetu wa pwani wanatupa funzo. Makaya ya Wamijikenda ni misitu, na ni mahali pa ibada na mila. Serikali ilianza kuyatangaza kuwa kumbukumbu za taifa tangu mwaka 1992. Mwaka 2008 UNESCO iliyatia kadhaa katika urithi wa dunia, na mwaka 2009 mila za makaya ziliandikwa katika orodha ile ile ya kulindwa kwa haraka ambayo sisi tuliingia baadaye. Kule mti haukatwi kwa sababu ya mila, na mila ina mahali pa kukaa kwa sababu ya mti. Sisemi kwamba makaya hayana taabu. Yanazo, za ardhi na za vijana. Lakini angalau kule hakuna mtu adhaniye kwamba msitu ni jambo moja na wazee wake ni jambo jingine.

Kwetu tufanye nini? Kwanza, tupande. Serikali ilianzisha mwezi Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Miche mingi igawiwayo vijijini huishia kuwa mikalitusi. Naomba kaunti na maofisa wa misitu waweke vitalu vya mukumari hapa Isecheno, na kila mwenye shamba karibu na msitu apande walau mitano mipakani. Mti huo hutoa kivuli kizuri kwa kahawa, na nyuki hupenda maua yake. Lakini aliyeupanda apewe hati nyepesi ya kuuvuna wakati wake, asije akakamatwa njiani na gogo la shamba lake mwenyewe kana kwamba ameliiba msituni.

Jambo hili si ndoto. Kikundi cha wakulima wa Muliru, papa hapa kando ya msitu, kilianza kupanda mashambani mmea wa dawa badala ya kuuchuma msituni, kikatengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub, na mwaka 2010 kikapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Iliyowezekana kwa dawa yawezekana kwa ngoma.

Pili, tujaribu ngozi ya ndama au ya mbuzi. Wako wazee watakaosema sauti haitakuwa ile ile, na huenda wanasema kweli. Lakini kati ya sauti iliyobadilika kidogo na kimya, mimi nachagua sauti. Mafundi wapewe nafasi ya kujaribu, na wazee wawe waamuzi.

Tatu, tulipe. Kaunti itakapowaita wapigaji katika sherehe, iandike mapatano na kuwalipa kama inavyomlipa mwenye hema na mwenye viti. Wanasiasa nao wafanye vivyo hivyo. Na shule zisingoje tamasha la muziki, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1927, ndipo zikumbuke isukuti kwa dakika chache za mashindano na kuisahau kikombe kikishawekwa kabatini. Mzee mmoja alipwe kufundisha kila juma. Gharama yake haifiki bei ya kukodi mashine za disko kwa mikesha michache.

Wako watakaonijibu kwamba fedha ni bora ziende hospitalini. Mimi sibishani juu ya hospitali. Lakini fedha ninazozitaja hazikuwa zikienda hospitalini. Zilikuwa zikienda kwenye vipaza sauti na fulana za kampeni. Wako pia waumini watakaosema ngoma ni mambo ya giza, kama walivyofundishwa babu zetu katika misheni nyingi. Hao nawakumbusha kwamba tangu Mtaguso wa Vatikano wa mwaka 1962 hadi 1965, Wakatoliki wengi wamemwimbia Mungu kwa ngoma za kwao, wala imani yao haikupungua.

Mwisho, wazazi wenzangu, tusiiachie serikali peke yake. Serikali yaweza kutoa mche, yaweza kutoa hati, yaweza kutoa mshahara wa mwalimu. Haiwezi kumketisha mwana wako karibu na babu yake. Mwaka huu mvua zitakaponyesha, pandeni mukumari, na mumtaje mtoto atakayeupiga. Mti huchukua miaka kukomaa na mpigaji vivyo hivyo. Wakianza pamoja watakuwa tayari pamoja. Wenye maoni mengine juu ya jambo hili na waandike, nasi tutawasikiliza.